Mlango Tuliouuza

Katika kisiwa cha Mombasa iko barabara nyembamba iitwayo Ndia Kuu. Mgeni atokaye bara aghalabu hudhani kwamba jina hili limekosewa na mwandishi wa kibao, kwa kuwa yeye amezoea kusema njia. Halikukosewa. Wamvita, wenyeji wa mji huu, husema ndia kama wasemavyo ndoo pale ambapo wengine husema njoo. Na barabara hii ilikuwa kwao kuu kuliko zote. Huanza karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na mwaka 1596, ikapita katikati ya Mji wa Kale kuelekea upande wa bandari ya majahazi. Wareno nao waliijua njia hii, wakaiita Raposeira. Mtu aipitaye polepole ataona juu roshani za mbao zilizotokeza nje ya kuta, na chini ataona milango. Nataka kueleza habari za mmoja katika milango hiyo. Haukuwa mzuri kuliko mingine yote. Naueleza kwa sababu mimi mwenyewe nilisaidia kuuondoa.

Useremala wa pwani yetu si jambo la jana. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Mombasa mwaka 1331, ameandika kwamba misikiti ya mji ilikuwa ya mbao, tena iliyojengwa kwa ustadi. Baada ya karibu miaka mia mbili, Mreno Duarte Barbosa aliisifu milango ya Kilwa kwa uzuri wa nakshi zake na kwa jinsi mbao zake zilivyoungwa. Milango ile haipo tena, maana mbao zina adui wengi: mchwa, moto, mvua na chumvi ya bahari. Mingi katika milango tuionayo leo Ndia Kuu na katika vichochoro vya jirani ilichongwa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati biashara ya bahari ilipoleta mali, na matajiri wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kihindi waliposhindana kwa uzuri wa nyumba. Judith Aldrick, aliyechapisha mwaka 1990 uchunguzi wake juu ya milango ya pwani ya karne ya 19, ameonyesha kwamba milango hii si ya namna moja. Iko yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, iko yenye upinde, na mikono ya mafundi wa Kiswahili, wa Kibajuni na wa Kihindi yaonekana kwa anayejua kutazama. Kwa hiyo mlango mmoja waweza kuwa kitabu cha historia, ukiwa na msomaji.

Mlango wa nakshi una viungo kama mwili wa mwanadamu. Una kizingiti cha juu na kizingiti cha chini. Una miimo miwili, kuume na kushoto. Una mbao mbili zifungukazo kwa ndani. Na katikati una mfaa, ule ubao mrefu uliopigiliwa juu ya ubao mmoja ili kuufunika ufa uliopo kati ya mbao mbili. Katika milango ya kale, mbao hizi hazikushikwa na bawaba za chuma. Kila moja ilikuwa na ncha juu na chini, na ncha hizo zilizunguka ndani ya matundu yaliyochimbwa katika vizingiti. Vipande vya fremu viliungana kwa ulimi na tundu, hata fundi akaweza kuufungua mlango wote na kuufunga tena kama mtu afunguaye na kufunga kitanda. Nakshi zilichorwa kwanza kwa bikari na penseli, kisha zikakatwa kwa patasi za upana mbalimbali, nene kwa kazi ya kuondoa, nyembamba kwa kazi ya kupamba. Mti uliopendwa ulikuwa mgumu: mbambakofi, au msaji ulioletwa kwa jahazi kutoka ng'ambo, na mara nyingine mfenesi.

Mambo hayo yote sikuyajua nilipokuwa mtoto, ingawa nilipita mlangoni petu mara kumi kwa siku. Niliujua mlango kwa mgongo, kwa kuwa nilizoea kuuegemea nikiwa nimeketi barazani. Nilizijua nakshi zake kwa vidole, maana vumbi lililoingia katika mashimo yake lilikuwa kazi yangu kila siku ya Alhamisi. Bibi yangu alinipa kitambaa na mafuta kidogo, akasema, "Ijumaa isiukute mchafu." Nilinung'unika. Niliona wenzangu wana milango ya bati iliyopakwa rangi, nao hawakusumbuliwa na vumbi la mtu yeyote.

Bibi alifariki katika mwaka niliofanya mtihani wa kidato cha nne. Warithi walikuwa wengi na nyumba ilikuwa moja. Dari ya boriti ilivuja katika vyumba viwili, chokaa ilibambuka, na ami yangu mkubwa, aliyeshika mambo ya nyumba, hakuwa na kitu mkononi. Mimi nilikuwa nimeitwa katika chuo cha ualimu, lakini karo haikupatikana. Ndipo alipokuja mtu mmoja, mchuuzi wa vitu vya kale, ambaye jina lake sina haja ya kulitaja. Hakuitazama nyumba. Aliutazama mlango. Alitaja bei ambayo hakuna katika sisi aliyewahi kuishika mara moja, naye akatoa nusu yake papo hapo.

Hakuna aliyeuliza sheria yasemaje. Hakuna aliyeuliza mlango ulichongwa mwaka gani, wala na nani. Baada ya swala ya Isha walikuja na mkokoteni. Nilishika pembe moja ya kizingiti cha juu, watu wengine watatu wakashika pembe nyingine, na ule mlango ambao haukuwa na bawaba ukafunguka kiungo baada ya kiungo, bila kuvunjika hata kimoja, kama kwamba fundi wake alitarajia siku hiyo. Siku ya pili tulitia mlango wa chuma. Sehemu ya fedha iliziba paa. Sehemu nyingine ilikuwa karo yangu. Kwa hiyo nikisimama leo mbele ya darasa na chaki mkononi, yanipasa kukiri kwamba ualimu wangu ulinunuliwa kwa mlango wa babu zangu.

Simlaumu ami yangu. Mtu mwenye paa linalovuja juu ya watoto hawezi kuambiwa kwamba uzuri ni bora kuliko ukavu. Wengi wasifuo vitu vya kale huvisifu wakiwa wamesimama njiani. Gharama ya kuvitunza huwangoja wale waliomo ndani. Nasema hili mapema, kijana msomaji, ili usije ukadhani kwamba nawahukumu wenye nyumba. Hukumu yangu iko juu yangu mwenyewe, na sababu yake ni jambo lililofuata.

Katika mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwalimu wa sanaa alituagiza kila mmoja achunguze kazi moja ya mikono ya watu wa kwao na kuiandikia insha. Wenzangu walichagua ususi wa vikapu, ufinyanzi, uundaji wa ngoma. Mimi nikachagua milango, nikadhani ya kuwa nimechagua rahisi. Likizo ilipofika nilielekezwa kwa fundi mmoja mzee, mchonga nakshi, aliyekuwa na karakana ndogo katika kichochoro kisicho mbali na kwetu. Alikuwa ameketi chini, ubao katikati ya miguu yake, patasi zimepangwa kwenye gunia kwa utaratibu wa upana wake. Nilimwamkia, naye akajibu, "Ndoo mwanangu, keti."

Aliniuliza mimi ni wa nyumba gani. Nilipomtajia, uso wake ulichangamka. "Mfaa wa mlango ule nimeutia mimi," alisema. "Wa kwanza uliliwa na mchwa. Babu yako alitaka ufanane na wa zamani, nikakaa mwezi mzima nikiufuata mkono wa mtu nisiyemjua. U hali gani mlango?"

Nikajibu, "U mzima, Babu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda niliona haya. Labda nilidhani kwamba ukweli utanikosesha insha. Yeye hakusema neno. Alinifundisha siku hiyo majina ya viungo, na siku ya pili majina ya patasi, na siku ya tatu namna ya kuigawa duara kwa bikari mpaka ua la petali nane litokee lenyewe. Nilimwuliza juu ya ile misumari mikubwa yenye ncha za shaba, ambayo watu husema iliwekwa kuzuia ndovu. Alicheka sana. "Ndovu gani apitaye Ndia Kuu?" alisema. Akanieleza kwamba mtindo ule ulitoka Bara Hindi, ambako milango ya ngome ilihitaji kinga ya ndovu wa vita. Ulipofika kwetu ulikuwa pambo na alama ya ukwasi tu. Yote hayo niliyaandika katika daftari langu.

Siku ya mwisho, nilipokuwa nikimwaga, aliweka patasi chini akasema: "Naijua habari ya mlango wenu. Mlango haupiti Ndia Kuu usiku mji usijue. Lakini mlango ulibebwa na watu wanne, nao uko mahali. Mkono huu utabebwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Aliniambia kwamba vijana watatu walikuja kwake kwa nyakati mbalimbali kujifunza; mmoja alikaa mwezi, mwingine wiki mbili, wa tatu alikaa karibu mwaka kisha akaenda kutafuta kazi yenye mshahara. Hakuwakasirikia. Mlango mmoja huchukua miezi, na mteja wa kulipa miezi hiyo hapatikani kila siku; mlango wa chuma huwa tayari kwa siku mbili. Mti mgumu umepungua katika misitu, na bei yake imepanda. Kijana anayetaka kuoa hawezi kula sifa za watalii.

Nilirudi chuoni, nikaandika insha, nikapata alama nzuri. Niliazimia kurudi kwa fundi katika likizo nyingine nikiwa na karatasi za kuchorea. Likizo ya kwanza nilikuwa na mazoezi ya kufundisha. Likizo ya pili niliahirisha bila ya sababu. Katika mwaka wangu wa pili nilipata habari kwamba amefariki. Nilipofungua daftari langu niligundua kosa langu. Majina mengi nilikuwa nimeyaandika pamoja na maelezo. Lakini majina matatu ya nakshi niliyaandika peke yake, bila mchoro, kwa kuwa siku ile nilikuwa na haraka na niliona kwamba nitakumbuka. Sikukumbuka. Nimewauliza maseremala wa Mombasa, nimemwuliza na mchongaji mmoja wa Lamu, ambako kazi hii ingali hai. Hakuna aliyeweza kunionyesha kwa kidole nakshi zenyewe. Sitayaandika majina hayo hapa, kwa sababu jina lisilojulikana maana yake ni kama ufunguo wa mlango uliokwisha kuuzwa.

Tangu siku hizo nimefikiri sana juu ya maana ya kuhifadhi. Naona kwamba kazi ya mikono ina sehemu tatu, na kila moja hulindwa kwa njia yake. Sehemu ya kwanza ni kitu chenyewe. Hiki hulindwa na sheria na makumbusho. Fort Jesus, baada ya kuwa gereza tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958, ilifanywa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama ulivyotiwa mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Mji wa Kale wa Mombasa nao ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 ina nguvu juu ya majengo na vitu vya kale. Haya ni mambo mema. Hata hivyo sheria haikuwa barazani kwetu usiku ule. Sheria hufika mbali ikiwa wenye kitu wanajua thamani yake, na ikiwa wamesaidiwa kuziba paa.

Sehemu ya pili ni maarifa: majina, vipimo, asili, maana. Haya hulindwa kwa kalamu na mchoro. Mombasa ina mfano mwema wa jambo hili katika ushairi. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa mji huu, alifariki karibu na mwaka 1840; mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu, na mengi yangalipotea kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingaliyakusanya katika karne hiyo hiyo na kumsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuyaandika. Baadaye Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa pwani, alikusanya hati za tungo na habari za kale za watu wake. Wangalisema "nitakumbuka" kama nilivyosema mimi, leo tungalikuwa maskini.

Lakini iko tofauti kati ya shairi na mlango, na tofauti hiyo ndiyo sehemu ya tatu. Shairi likiandikwa sawasawa laweza kusomwa na mtu yeyote ajuaye kusoma, hata baada ya miaka mia. Mlango ukiandikwa na kuchorwa na kupigwa picha, bado hakuna wa kuuchonga. Kiasi cha nguvu ya nyundo, pembe ya patasi inapogeuka katika petali, sauti ya mti unapotaka kupasuka: mambo haya hayamo katika daftari, yamo mkononi. Na mkono haulindwi na kabati la kioo. Hulindwa na mkono mwingine ulio mchanga.

Wajapani wameelewa jambo hili vizuri. Hekalu lao kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwa mbao mpya, nalo lilijengwa hivyo mara ya mwisho mwaka 2013. Mgeni aweza kuuliza, hekalu gani la kale ambalo mbao zake ni mpya? Jibu ni kwamba mbao ni mpya na mkono ni wa kale. Kijana aliyebeba mbao katika ujenzi mmoja huwa fundi katika wa pili, na mwalimu wa mafundi katika wa tatu. Tena tangu mwaka 1955 taifa lile limewatambua kwa heshima na kwa ruzuku mabingwa wa kazi za jadi walio hai, ili wafundishe. Nchi yetu ya Kenya nayo iliridhia mwaka 2007 mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi usioshikika, na ndani ya urithi huo zimo kazi za mikono. Ahadi imekwisha kutiwa sahihi. Kilichobaki ni kijana wa kuketi chini karibu na gunia la patasi, na mteja wa kumlipa kijana huyo.

Mimi sikuwa fundi, na kwa umri wangu huu mkono wangu umezoea chaki. Nafanya niwezalo. Kila mwaka nawachukua wanafunzi wangu Ndia Kuu kwa mguu, kila mmoja na ubao mdogo wa kuandikia, penseli na utepe wa kupimia. Tunabisha hodi, tunaomba ruhusa, na tukinyimwa twashukuru na kwenda mbele, maana mlango wa mtu si mali ya darasa. Tukiruhusiwa, mmoja hupima, mmoja huchora, na mmoja huuliza mwenye nyumba: nani aliuchonga, kwa mti gani, ulitengenezwa lini, sehemu hii yaitwaje? Kanuni yangu kwao ni moja, nami naisema kila mwaka kwa ukali kuliko kanuni zote za shule: jina lisiandikwe bila mchoro, wala mchoro bila jina. Kisha nakala ya kila karatasi tunampelekea mwenye nyumba, apate kujua alicho nacho.

Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja, msichana mwenye maswali mengi, alinyanyua macho kutoka kwenye karatasi yake akaniuliza, "Mwalimu, na mlango wa kwenu uko wapi?" Swali lilikuwa lile lile la fundi. Safari hii sikusema kwamba u mzima. Niliwaambia habari yote barabarani pale pale, kama nilivyokuambia wewe, pamoja na uongo wangu na daftari langu. Walinyamaza. Kisha yule msichana akasema kwamba babu yake hushona kofia za vito, na kwamba hajapata kumwuliza jina la hata pambo moja.

Nilimwambia aende jioni ile ile. Nakuambia na wewe vivyo hivyo. Pengine kwenu hakuna mlango wa nakshi. Iko kofia, uko mkeka, iko ngalawa, kiko chungu, uko mzinga wa nyuki wa asali au kigoda cha mzee. Yuko mtu anayekijua, na mtu huyo hatakungoja mpaka uwe na nafasi. Chukua karatasi, kaketi naye, mwache aseme, chora asemalo, uliza tena usipoelewa. Na kama mkono wako ni mwepesi, weka karatasi chini umwombe akupe chombo chake ujaribu. Mimi nilichelewa kwa likizo mbili tu.